Shajara ya Mradi: Kusahihisha Spika za Studio kwa Ikwalaiza, Nkuhungu, Dodoma

7 Juni

Chumba kinachofanyiwa kazi kina urefu wa mita 4.2, upana wa mita 3.4 na kimo cha mita 2.8. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ni ya marumaru, na dari ni ya jipsamu chini ya paa la bati. Upande mmoja kuna dirisha la alumini la kusukuma, na upande wa pili kuna mlango. Kazi nyingi zinazochanganywa humu ni za kwaya, zikifuatiwa na Bongo Fleva, na mara chache huja vikundi vya ngoma za Kigogo. Spika ni mbili, kila moja ina wufa (koni ya sauti za chini) ya inchi 8, na kwa maelezo ya mtengenezaji zinashuka hadi Hz 38, ingawa hapo zimekwisha kupungua kwa desibeli 10.

Mradi umetokana na malalamiko mawili ambayo kwa mara ya kwanza yalionekana kupingana. La kwanza ni kwamba kazi zikipigwa kanisani penye sabufa kubwa, gitaa la besi huzidi, tena halizidi lote. Mwalimu wa kwaya mmoja alilieleza hivi: "Mwanangu, gitaa lenyewe linapiga vizuri, lakini kuna noti moja inatukanyaga." Nilimwomba aiimbe, akaiimba, nayo ni E, yaani uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa bila kushikwa, ambao hutetema kwa Hz 41.2. La pili ni kwamba waimbaji wa sauti ya besi hupotea wanaposhuka chini, hasa kazi ikisikilizwa kwenye spika ndogo. Kwa hiyo besi ya gitaa inazidi na besi ya waimbaji inapungua, katika wimbo ule ule na kwa mchanganyaji yule yule.

Lengo ni kuzisahihisha spika kwa ikwalaiza, yaani vichujio vinavyopandisha au kushusha masafa fulani ya sauti, ili kinachosikika kwenye kiti cha kuchanganyia kifanane na kilichomo kwenye faili. Ikwalaiza hiyo itakaa kwenye njia ya kusikilizia peke yake. Haitagusa faili inayokwenda kwa mteja.

10 Juni

Kabla ya maiki ya kupimia kufika, nimekokotoa kwa kalamu kile ambacho chumba kinatakiwa kufanya. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zinazotazamana sauti huenda na kurudi, na kwa masafa fulani hujikuza; huo ndio mvumo. Mvumo wa kwanza hutokea pale ambapo umbali wa kuta ni sawa na nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo unachukua 343 na kuigawa kwa umbali huo mara mbili. Urefu wa chumba unatoa Hz 41, upana unatoa Hz 50, na kimo kinatoa Hz 61. Mivumo ya pili ni maradufu ya hiyo, na miwili inayonihusu ni Hz 82 kwa urefu na Hz 101 kwa upana.

Namba 41 na 82 zilinifanya nirudi kwenye malalamiko. E ya gitaa la besi ni Hz 41.2. Oktava moja juu yake, Hz 82.4, ni E ya chini ya waimbaji wa besi, na pia ni uzi mnene wa gitaa la kawaida. Malalamiko yote mawili yanaangukia kwenye kipimo kimoja cha chumba, yaani urefu wa mita 4.2.

Kuna hesabu nyingine niliyoihitaji ili kujua ikwalaiza ina kazi hadi wapi. Masafa ya chini ya chumba kidogo hutawaliwa na mvumo mmoja mmoja. Juu ya kiwango fulani mivumo huwa mingi na kusongamana mpaka haina maana tena kuihesabu. Mpaka huo hupatikana kwa kuzidisha 2,000 na kipeuo cha pili cha muda wa sauti kufifia uliogawanywa kwa ujazo wa chumba. Ujazo wetu ni mita za ujazo 40, na nikikadiria muda wa kufifia kuwa sekunde 0.4, mpaka unakuwa Hz 200. Chini ya hapo chumba ndicho kinachoamua utakachosikia. Juu ya hapo spika yenyewe ndiyo yenye neno.

14 Juni

Maiki imefika kwa basi kutoka Dar es Salaam, ni UMIK-1 ya kuazima, ile inayochomekwa kwenye USB na kuja na faili yake ya urekebishaji kulingana na namba ya maiki husika. Faili ni mbili: moja ya maiki inayotazama spika, nyingine ya maiki iliyosimama ikitazama dari. Kwenye besi hazitofautiani kwa lolote la maana, lakini kwenye masafa ya juu tofauti ni kubwa, kwa hiyo ni lazima faili ifanane na mkao wa maiki.

Programu ni Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bila malipo. Inapiga swipu, yaani sauti moja inayopanda taratibu kutoka chini kabisa hadi mwisho wa usikivu, kisha inalinganisha kilichotumwa na kilichorudi. Mbinu ya swipu ya aina hii ilielezwa na Angelo Farina wa Italia mwaka 2000, na uzuri wake ni kwamba inatenganisha sauti halisi ya spika na mkwaruzo wake. Vilevile inastahimili kelele kuliko njia za zamani: kila ukirefusha swipu maradufu, unapata desibeli 3 za nafuu dhidi ya kelele ya nje.

Nafuu hiyo tumeihitaji. Anayeijua Dodoma ya Juni hadi Agosti anaujua upepo wake. Bati linanguruma kwa chini, haswa kwenye masafa ninayoyapima, na grafu ya mchana chini ya Hz 60 ilikuwa haisomeki. Vipimo vyote vinavyofuata vimechukuliwa usiku wa manane, upepo ukitulia, kwa swipu ndefu na kiwango cha desibeli 78 hivi kwenye kiti.

15 Juni

Meza tuliikuta imewekwa kwenye ukuta mrefu, katikati. Grafu ya mkao huo ina bonde kwenye Hz 41 lenye kina cha desibeli 11 kulinganisha na majirani zake, na kilele cha desibeli 9 kwenye Hz 82. Hapo malalamiko yanajieleza. Anayechanganya kwenye kiti hiki haisikii E ya gitaa, kwa hiyo anaipandisha. Anaisikia E ya waimbaji ikivuma kupita kiasi, kwa hiyo anaishusha. Anayesikiliza mahali pengine anapokea marekebisho ya chumba ambacho hayumo.

Sababu ya bonde inaonekana kwa futi ya fundi. Kiti kiko katikati ya ule urefu wa mita 4.2. Mvumo wa kwanza una shinikizo kubwa kwenye kuta mbili za mwisho na shinikizo sifuri katikati kabisa. Tena spika mbili zimekaa kulia na kushoto kwa umbali sawa kutoka katikati, kwa hiyo moja inausukuma mvumo huku na nyingine inausukuma kule, na zikipiga pamoja zinafutana. Sehemu ya upungufu ni ya spika zenyewe, maana kwenye Hz 41 zimeshaanza kuchoka, lakini sehemu kubwa ni ya mahali.

Rafiki aliyeniazima maiki aliniuliza kwa simu kwa nini nisilijaze bonde hilo kwa ikwalaiza nikalala. Swali ni la haki, na nilimjibu kwa kipimo. Nilipandisha Hz 41 kwa desibeli 6, nguvu inayodaiwa kwa amplifaya ikawa mara nne, wufa zikaonekana kwa macho zikicheza mbele na nyuma, na kwenye kiti bonde likapanda kwa kiasi kisichozidi desibeli 2. Nilipoenda kusimama kwenye kona, E ilikuwa inatingisha dirisha. Kinachofutwa na mpangilio wa chumba hakirudishwi kwa kuongeza nguvu, maana unachokiongeza nacho kinafutwa. Kama ningeng'ang'ania desibeli 10, amplifaya ingetakiwa kutoa nguvu mara kumi kwa noti hiyo moja, na wufa ya inchi 8 haikuundwa kwa hilo.

Kilele ni habari nyingine. Pale Hz 82 nguvu ipo, inazidi tu, na kinachozidi kinaweza kupunguzwa.

22 Juni

Meza imegeuzwa. Sasa tunatazama ukuta mfupi, masikio yakiwa mita 1.6 kutoka ukuta wa mbele, yaani karibu asilimia 38 ya urefu, na katikati ya upana. Spika na kichwa vinaunda pembetatu yenye pande sawa. Kugeuza kulimaanisha kuhamisha soketi na kumnyima mwimbaji kona aliyoizoea, na kulikuwa na manung'uniko ambayo sitayaandika.

Bonde la Hz 41 limetoweka. Spika zote mbili sasa ziko upande mmoja wa chumba na zinausukuma mvumo kwa pamoja, nao unafidia uchovu wa wufa zenyewe, kwa hiyo E ya chini imekaa karibu na usawa bila kichujio chochote. Kilele cha Hz 82 kimebaki pale pale. Kimejitokeza pia kilele cha Hz 101, cha desibeli 6, kwa kuwa katikati ya upana ndipo mvumo wa pili wa upana una shinikizo kubwa.

Limetokea bonde jipya kwenye Hz 143. Hilo halihusiani na mivumo. Sauti ya chini huzunguka nyuma ya kasha la spika, inagonga ukuta na kurudi. Ikikuta sauti ya mbele imegeuka nusu wimbi, zinafutana. Inatokea pale ambapo umbali wa wufa na ukuta ni robo ya wimbi, na wufa zetu zilikuwa sentimita 60 kutoka ukutani: 343 ukigawa kwa mara nne ya 0.6 unapata 143.

29 Juni

Nimezisogeza spika nyuma hadi wufa zikawa sentimita 35 kutoka ukutani, kasha likiwa karibu kugusa. Bonde limehamia Hz 245, ambako paneli nene ya kunyonya sauti inaanza kuwa na uwezo. Gharama yake ni kwamba ukaribu wa ukuta umeinua besi yote kwa desibeli 2 au 3. Ni gharama ninayoilipa kwa furaha, kwa sababu besi iliyoinuka kwa upana namna hiyo ni kitu ambacho ikwalaiza inakiweza bila shida.

12 Julai

Vitu vya kunyonya sauti vinavyotajwa kwenye maandiko ya nje, kama sufu ya mawe, kwetu havipatikani kwa urahisi wala kwa bei ya maana. Godoro la sponji la kawaida ni jepesi mno, na kwa besi halifanyi lolote. Nimetumia mitumba. Nimenunua belo la mablanketi na masweta yaliyochoka, bidhaa ya daraja la chini ambayo muuzaji alifurahi kuliona linaondoka.

Fundi seremala alishauri belo liwekwe kwenye kona kama lilivyo, limefungwa. Tulilijaribu hivyo na kulipima, na halikubadilisha kitu. Belo likiwa limebanwa kwa mashine, hewa haipenyi, na sauti inaligonga na kurudi kama ilivyogonga ukuta. Kitambaa kinanyonya sauti kwa kuifanya hewa ipite kwa taabu kati ya nyuzi zake. Isipopita kabisa, hakuna kazi inayofanyika. Kwa hiyo tumelifungua, tukatengeneza fremu za mbao za kimo cha chumba chote zinazoziba kona mbili za mbele kwa mshazari, tukajaza nguo kwa kupanga bila kushindilia, na kufunika kwa kaniki. Vitambaa vyote vilianikwa juani kwanza, na kila fremu imewekewa wavu chini, maana panya wa Nkuhungu hawahitaji kualikwa.

Robo ya wimbi la Hz 82 ni zaidi ya mita moja, kwa hiyo hakuna fremu ya sentimita 40 inayoweza kuumaliza mvumo huo. Hata hivyo kilele cha Hz 82 kimeshuka kutoka desibeli 9 hadi 7, na kilichobadilika zaidi ni muda. Kabla ya fremu, E ya waimbaji ilichukua takriban sekunde 0.6 kufifia; sasa inachukua 0.35. Grafu ya kiwango inaonyesha desibeli mbili tu, lakini sikio linasikia noti inayokoma pale mwimbaji anapokoma.

Paneli mbili za sentimita 10 zimewekwa nyuma ya spika kwa ajili ya lile bonde la Hz 245, na nyingine kwenye sehemu za kuta za pembeni ambako kioo kikisogezwa, mtu aliyekaa kitini anaiona spika.

19 Julai

Kazi fupi ya leo ni meza. Sauti inayogonga uso wa meza na kuruka hadi sikioni ilikuwa inasafiri sentimita 17 zaidi ya ile ya moja kwa moja. Nusu ya wimbi la Hz 1,000 ni takriban sentimita 17, kwa hiyo grafu ilikuwa na tundu kwenye Hz 1,000 na jingine kwenye Hz 3,000. Ukiinua kichwa kidogo tundu linahama, na kichujio hakihami nalo, kwa hiyo ikwalaiza haina la kufanya hapo. Nimezipandisha spika kwenye stendi nyuma ya meza na kuziinamisha kidogo. Matundu yamepungua sana.

Hapa niandike msimamo wangu kuhusu masafa ya juu, kwa sababu kishawishi ni kikubwa. Programu ina kitufe cha kutengeneza vichujio hadi Hz 20,000 na kuufanya mstari ulale kama barabara. Sitakibonyeza. Maiki moja inajumlisha sauti ya moja kwa moja na marudio yote ya chumba kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali masikio mawili na ubongo huvitenganisha. Floyd Toole, mtafiti wa Kanada aliyetumia miaka mingi kuwapima wasikilizaji badala ya kupima spika peke yake, amelisisitiza hili kuliko mtu yeyote: spika nzuri ndani ya chumba cha kawaida hutoa mstari unaoshuka taratibu kuelekea juu, na anayeulazimisha kulala huishia na sauti kali inayochosha. Nimeacha mstari wetu ushuke.

Kipimo changu cha masikio kwa masafa hayo ni rekodi ya ilimba, ala ya Wagogo ambayo Hukwe Zawose aliisikilizisha duniani. Ina mkwaruzo wake wa makusudi, unaotokana na utando wa buibui unaofunika tundu la kisanduku chake. Spika zikiwa zimenyooshwa kupita kiasi mkwaruzo huo unakuwa mbele ya noti. Zikiachwa, unakaa nyuma ya noti kama ulivyo mbele ya mpigaji.

26 Julai

Leo ndipo ikwalaiza imeingia. Nimepima spika ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, kisha zote pamoja, na kila kipimo nimekirudia maiki ikisogezwa kiasi cha kiganja kuzunguka mahali pa kichwa. Nimechukua wastani. Kinachoonekana kwenye mahali pamoja na kutoweka kwenye pengine sikukigusa. Kinachobaki kwenye vipimo vyote ndicho tatizo la kweli la kiti hiki.

Vichujio ni vitatu. Cha kwanza kinashusha Hz 82 kwa desibeli 7, na ni chembamba, Q yake (kipimo cha wembamba wa kichujio; ikiwa kubwa, kichujio ni chembamba zaidi) ni 8. Cha pili kinashusha Hz 101 kwa desibeli 4, Q ni 6. Cha tatu ni rafu pana inayoshusha kila kilicho chini ya Hz 150 kwa desibeli 2, kulipia ukaribu wa ukuta. Hakuna kichujio kinachopandisha kitu, kwa hiyo hakuna hatari ya ishara kugonga dari ya kidijitali, na wufa zina nafasi zaidi kuliko mwanzo. Upande wa kushoto, wenye dirisha, una bonde dogo kwenye Hz 165 ambalo wa kulia hauna, limeachwa.

Watu wengi huchukulia kwamba ikwalaiza hubadilisha kiwango tu na kamwe haigusi muda. Kwa mvumo mmoja wa masafa ya chini hilo si kweli. Kilele cha mvumo na kufifia kwake ni sura mbili za kitu kimoja, na kichujio chenye masafa, kina na upana unaolingana na kilele hukifupisha pia kile kinachoning'inia. Kipimo cha baada ya kichujio kimethibitisha: Hz 82 sasa inafifia pamoja na majirani zake. Ila ni kwa kiti hiki. Aliyekaa kwenye kochi la nyuma hapati faida hiyo, na pengine anapata hasara, kwa sababu kwake kilele hakikuwa na umbo hilo. Ndiyo maana fremu za mitumba zilitangulia, kwa kuwa zinamhudumia kila aliyemo chumbani.

27 Julai

Suala la mahali pa kuviweka vichujio limechukua muda kuliko kuvitengeneza. Equalizer APO, ambayo ni ya bure na inakaa ndani ya Windows yenyewe, inazipokea moja kwa moja namba zinazotoka kwenye Room EQ Wizard. Kwa kusikiliza muziki wa kawaida inafaa kabisa. Kwa kurekodi haifai, kwa sababu studio hutumia ASIO, njia ya moja kwa moja kati ya programu na kadi ya sauti, ili kuepuka ucheleweshaji, na ASIO huipita Windows pembeni. Unaona vichujio vimewashwa, kumbe sauti haivipitii.

Sisi tunatumia REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya, ambayo ina sehemu maalumu ya vifaa vya kusikilizia peke yake. Kilichowekwa hapo husikika kwenye spika lakini hakiingii kwenye faili linalotolewa. Kwenye programu nyingine nimeshuhudia ikwalaiza ya kusahihisha ikiwekwa kwenye chaneli kuu, kazi ikatolewa nayo, na mteja akapelekewa marekebisho ya chumba chetu. Ni jambo la kuchunga kila siku.

ReaEQ, ikwalaiza inayokuja ndani ya REAPER, haitumii Q bali upana kwa oktava. Q ya 8 ni oktava 0.18, na Q ya 6 ni 0.24. Kwa kuwa watengenezaji hawakubaliani upana unapimwa kuanzia wapi, sikuiamini hesabu. Nimeitoa swipu kama faili la sauti, nikaipiga ndani ya REAPER kupitia vichujio, nikairekodi na kuirudisha kwenye Room EQ Wizard. Upana wa kichujio cha kwanza ulihitaji kuongezwa kidogo.

9 Agosti

Rafiki wa Dar es Salaam ameuliza kama hesabu zake za pwani zinafaa huku, maana Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Zinafaa. Hewa ikipungua shinikizo na uzito wake hupungua pamoja, na kasi ya sauti inabaki vile vile. Kinachobadilisha kasi ni joto, takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi.

Hilo limenipa jambo la kupima. Alfajiri ya leo chumba kilikuwa nyuzi 16. Novemba mchana kitakuwa 30 au zaidi. Kwa tofauti hiyo mvumo wetu unatoka Hz 81 hadi Hz 83. Kichujio chenye Q ya 8 kina upana wa Hz 10 hivi kwenye eneo hilo, kwa hiyo kinaumeza mtikisiko huo. Chenye Q ya 20, ambacho programu ilikipendekeza mwanzoni na kuonekana maridadi kwenye skrini, kina upana wa Hz 4 tu, na ifikapo Novemba kingekuwa kinakata pembeni ya kilele. Kichujio kisizidi wembamba unaohitajika, hata kama grafu ya usiku mmoja inakisifia.

16 Agosti

Kiwango cha kusikilizia kimewekwa alama. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio hupoteza besi haraka sauti inaposhushwa, kwa hiyo spika zilizosahihishwa na kuchezewa kitufe cha sauti kila dakika ni sawa na spika ambazo hazijasahihishwa. Kelele ya pinki (mshindo wa majaribio wenye masafa yote kwa pamoja) ya desibeli 20 chini ya kilele cha kidijitali sasa inatoa desibeli 77 kwenye kiti kwa kila spika, na alama ya utepe mwekundu iko kwenye kitufe. Wakati wa kulinganisha vichujio vikiwa vimewashwa na vimezimwa, viwango vinasawazishwa kwanza, la sivyo chenye sauti kubwa hushinda siku zote.

30 Agosti

Wimbo ule ule wa kwaya umechanganywa upya kuanzia mwanzo bila kufungua namba za zamani. Nilipozilinganisha baadaye, uzi mnene wa gitaa la besi umekaa desibeli 5 chini ya ulipokuwa, na ikwalaiza iliyokuwa ikichimba sauti ya besi ya waimbaji kwenye Hz 80 haipo tena. Umesikilizwa kwenye sabufa ya jirani, kwenye bajaji, kwenye simu, na kanisani kwenyewe Jumamosi jioni wakati wa mazoezi.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama karibu na sabufa. "Ile noti imetulia," alisema. Kisha akaniomba niurudishe wimbo kwenye beti ya pili. "Sasa mbona nawasikia mabesi wangu wanachelewa kuingia?" Wanachelewa kweli, walikuwa wakichelewa tangu siku ya kurekodi.

Vijana wa Bongo Fleva wamekuwa na maoni tofauti. "Kaka, besi imeenda wapi?" ni swali la kila aliyekuja wiki hii. Walizoea kilele cha Hz 82, na wanapomsikiliza mteja mwenzao wanataka kifua kitikisike. Nimewatengenezea mpangilio wa pili wenye rafu inayopandisha besi kwa desibeli 4 juu ya vichujio vile vile, wenye rangi nyingine kwenye skrini ili usisahaulike umewashwa. Wakiondoka, unazimwa.

6 Septemba

Yaliyobaki ni machache. Bonde la Hz 165 upande wa kushoto linatokana na dirisha na mlango kutofanana, na nitaweka kifuniko cha mbao kizito juu ya kioo kabla ya kupima tena. Ukuta wa nyuma bado uko mtupu, na muda wa kufifia kati ya Hz 100 na 200 unaonyesha kwamba unahitaji fremu ya tatu. Belo la pili limeshaagizwa. Vipimo vitarudiwa Novemba joto likipanda, na kabla mvua hazijaanza kupiga bati, maana zikianza hatutapima kitu mpaka zinyamaze. Maiki inarudi Dar es Salaam kwa basi la Jumatatu, na faili zote za vipimo, pamoja na namba za vichujio vitatu na tarehe zake, zimehifadhiwa kwenye folda moja yenye jina la mkao wa meza, ili siku meza ikisogezwa hata kwa kiganja, ijulikane kwamba namba hizo si halali tena.